Anayelipenda gari huanza na ubovu wake

Leo naomba nikupeleke mbali kidogo, mpaka Malvern, mji mdogo ulio chini ya vilima magharibi mwa Uingereza. Huko hutengenezwa magari ambayo mimi na wewe huenda tusiyaone kamwe yakipita barabara ya Makamba. Yanaitwa Morgan. Ni magari ya michezo, yaani ya kukimbia kwa raha na si ya kubeba magunia. Mengi ni ya watu wawili, ya chini, boneti ndefu, madigadi yaliyojikunja kama ya magari tunayoyaona katika picha za enzi za wakoloni. Bodi yake mpaka leo hujengwa juu ya fremu ya mbao. Ninayo sababu ya kuyazungumza, na sababu yenyewe ni jirani yangu aliyekuja kwangu usiku akiwa na karatasi mkononi.

Jirani huyu ni mtu wa mpakani. Hununua vitenge na vyombo vya plastiki Kigoma, anapitia Mugina, anauza huku. Aliweka akiba miaka sita akanunua gari dogo la mizigo lililotumika. Lilikuwa linang'aa hata kuku wanajiona ndani yake. Mwezi wa tatu sakafu upande wa abiria ikafunguka. Chini ya rangi mpya palikuwa na bati lililolika na gundi ya kuziba.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe umesoma Tanzania, Kiingereza unakijua. Hebu nisomee hapa."

Nikamsomea. Karatasi ilisema gari limeuzwa kama lilivyo, na kwamba mnunuzi amelikagua mwenyewe akaridhika. Chini ilikuwa sahihi yake. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Sasa mtu kama mimi ningelikaguaje?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye Morgan.

Mimi nilizaliwa na kukulia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, mtoto wa watu waliokimbia mwaka 1972. Nikiwa kidato cha tatu, shuleni kwetu lilifika sanduku la vitabu vya msaada kutoka Uingereza. Tulitarajia vitabu vya fizikia. Ndani mlikuwa na vitabu vya mapishi, kitabu cha kufuga farasi, na kimoja kisicho na jalada, kilichokuwa mwongozo kwa wapenzi wa magari ya Morgan. Tulicheka sana. Nani aliwaza kutupelekea hicho sisi tuliokuwa tunangoja lori la mahindi? Lakini mwalimu wetu wa Kiingereza hakuwa na kitabu kingine cha kutosha, akakifanya cha kusomea kwa sauti. Ndivyo nilivyojifunza maneno ya Kiingereza ya kutu, bawaba na kuoza kabla sijajua yale ya kumsalimia mtu vizuri.

Kilichonishangaza si gari. Ni mwandishi. Ilikuwa dhahiri kwamba anayapenda magari yale kupita kiasi, pengine kupita mke wake, lakini kurasa alizoandika kwa bidii zaidi ni zile zinazoeleza yanapooza. Sifa zilikuwa chache. Ubovu ulielezwa kwa utaratibu, sehemu kwa sehemu, kama daktari anavyompima mgonjwa.

Kwanza alimweka msomaji sawa juu ya uvumi mmoja. Watu wengi husema chasisi ya Morgan ni ya mbao. Si kweli. Chasisi ya magari hayo ya zamani ni chuma, na mbao ziko juu yake kushikilia bodi. Mbao zenyewe ni za mti uitwao eshi, mgumu lakini unaokubali kupinda, ambao Waingereza hutengenezea pia mipini ya majembe na mashoka. Kwa matao ya magurudumu ya nyuma, mafundi hugandisha kwa gundi mbao nyembamba kadhaa, wakazibana kwenye kalibu mpaka zishike umbo.

Kisha inakuja kazi. Fungua mlango, ushike mwishoni, uunyanyue. Ukicheza, usidanganywe kwamba ni bawaba tu. Huenda nguzo ya mbao inayoshika bawaba imeoza, na hapo gharama si ya bawaba tena. Tazama nafasi kati ya mlango na bodi, kama iko sawa juu na chini. Nenda nyuma, pale magurudumu yanaporusha maji na matope, bonyeza mbao kwa kidole. Tazama ukingo ambapo madigadi yameungana na bodi, maana unyevu hukaa humo miaka bila kuonekana. Ingia chini, angalia vyuma vya chasisi na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Halafu piga jeki mbele, shika tairi juu na chini, litikise.

Hilo la tairi lina historia yake. Aliyeanzisha kiwanda, H.F.S. Morgan, alikuwa mtoto wa kasisi wa Kianglikana, na baba yake ndiye aliyemsaidia kwa pesa. Gari lake la kwanza, la magurudumu matatu, alilitengeneza mwaka 1909, na mwaka 1910 akalipeleka kwenye maonyesho ya Olympia, London. Gurudumu moja nyuma, mawili mbele, injini ya pikipiki. Vigari hivyo vilitozwa kodi ndogo kuliko gari kamili, na watu wa kipato cha kati wakavinunua. (Wenzangu wa mpakani, mnaona kwamba kuukwepa ushuru kwa njia halali hakukuanzia Kobero.) Magurudumu ya mbele aliyafunga kwenye nguzo zilizosimama, yakawa yanapanda na kushuka juu ya nguzo hizo kwa springi. Mpango huohuo ukaingia kwenye gari lake la magurudumu manne la mwaka 1936, lililoitwa 4/4 kwa kuwa lilikuwa na silinda nne na magurudumu manne, ukaendelea kutumika miaka mingi sana baada ya hapo. Ni mpango rahisi na imara, lakini nguzo zile zinataka grisi na oili bila kusahau. Mwenye gari akiwa mvivu, zinalika, na tairi litakuambia ukilitikisa.

Mwandishi yule alitenga jambo jingine ambalo mimi nimelitumia darasani miaka yote: ubovu na tabia ni vitu viwili. Morgan ni gumu, likipita kwenye shimo mgongo wako unajua. Mvua ikinyesha, turubai lake halizuii kila tone. Hayo si ubovu, gari liliumbwa hivyo, na asiyeyaweza anunue gari jingine. Lakini mlango unaoanguka ni ubovu, na muuzaji asiyeutaja ni mwizi.

Baadaye, nilipopata intaneti, niliendelea kukifuatilia kiwanda kile. Nilisoma jinsi gari lao la Plus 4 lilivyoshinda katika kundi la injini za lita mbili kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1962. Nilisoma pia walivyokosea. Mwaka 1963 walijaribu gari lenye paa na bodi ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, Plus 4 Plus. Wateja hawakulitaka, yakatoka 26 tu. Hili la mwisho wapenzi wa Morgan hawalifichi. Wanalisimulia kwa furaha kama watu wanaosimulia babu yao alivyoanguka kwenye baiskeli. Mwaka 1968 wakaja na Plus 8, yenye injini ya Rover ya silinda nane, na hiyo ikadumu hadi 2004.

Mwaka 1990 televisheni ya BBC ilionyesha kipindi ambamo Sir John Harvey-Jones, aliyekuwa mkuu wa kampuni kubwa ya kemikali, aliingia kiwandani Malvern na kuwashauri waongeze uzalishaji na kubadilisha namna ya kufanya kazi. Wateja walikuwa wakingoja gari kwa miaka. Familia ilikataa sehemu kubwa ya ushauri, na nchi nzima ikabishana. Wengine wanawasifu kwa ushupavu. Mimi nadhani hawakuwa sahihi moja kwa moja, kwa sababu baadaye wenyewe walibadilika taratibu: gari la Aero 8 la mwaka 2000 lilikuwa na chasisi ya alumini na injini ya BMW, mwaka 2019 sehemu kubwa ya kampuni ikachukuliwa na wawekezaji wa Kiitaliano, Investindustrial, na mwaka 2020 chasisi ile ya chuma ya asili ya 1936 ikastaafu. Mbao zimebaki. Nawasifu kwa jambo moja dogo: walijua hasa kipi chao ni tabia na kipi ni ubovu.

Utaniuliza, haya yanamhusu nini mtu wa Nyanza-Lac au Rumonge? Morgan ni chombo cha watu wenye pesa za kuchezea, nakubali. Lakini elimu ile ya kukagua haikutoka kwa matajiri wala kiwandani. Ilitoka kwa wenye magari wenyewe, waliokutana, wakakaguliana, wakaandika. Aliyeumizwa na mlango ulioanguka alimwandikia mwenzake asiumizwe.

Sisi hatuandiki. Angalia magari yanayotufikia kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, mengi usukani uko kulia ingawa kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Japani kwenyewe magari mengi yaliyotumika huuzwa mnadani, na hukaguliwa na kupewa karatasi yenye mchoro wa gari na alama. Katika minada mingi herufi S juu ya mchoro ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na R mahali pa daraja ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo huanza safari pamoja na gari. Mara nyingi haifiki nalo. Na fundi wetu anayejua kila mahali panapooza atakuambia kwa sauti ya chini, ukishanunua.

Tabia hii ya kuficha haiko kwenye magari peke yake. Wazazi wetu waliipenda nchi hii kwa mapenzi ambayo sijayaona tena. Jioni, Ulyankulu, walitusimulia ziwa, michikichi, kilima cha babu, maji yasiyokauka. Hawakutusimulia kwamba mtu mwingine angekuwa analima pale, na kwamba naye angekuwa na watoto waliozaliwa pale. Niliporudi mwaka 2009 sikuwa nimeambiwa pa kubonyeza kidole. Siwalaumu, pengine wasingeweza kusema bila kulia. Lakini wengi wetu tuliingia katika kesi za mashamba kama jirani yangu alivyoingia kwenye gari lile, kwa kutazama rangi.

Kuna jambo moja juu ya Morgan ambalo hunichoma kila nikilikumbuka. Kiwanda kimehifadhi kumbukumbu za magari yake kwa namba za chasisi. Mtu akiokota kigari cha zamani kwenye banda, mbao zimekwisha, injini haipo, anaweza kuandika Malvern na mara nyingi ataelezwa kilitoka lini, kilikuwa rangi gani, kilikwenda kwa nani. Watabadilisha mbao zote na madigadi yote, na gari litabaki lilelile, kwa sababu daftari linasema hivyo. Shamba la baba yangu lilikuwa na ushahidi wa mparachichi mmoja na mdomo wa mzee mmoja, na mzee alifariki kabla ya sisi kufika.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaovuka Mugina na Kobero kila wiki, na ninyi mafundi wa gereji za chini ya miti. Mnajua gari gani huoza wapi. Mnajua sakafu ipi huzibwa kwa gundi na jinsi ya kugonga ili kusikia. Andikeni, kwa Kiswahili, lugha ambayo muuzaji wa Kigoma na mnunuzi wa Makamba wote wanaisoma. Wauzaji wachache watakasirika, hasa wale wenye rangi nzuri. Muuzaji mkweli hatapoteza kitu, maana leo anauza kwa bei ileile na yule wa gundi.

Jirani yangu nami tumekwisha anza, kwa daftari la shule la kurasa 48. Yeye anaongea, mimi naandika, na fundi mmoja huja Jumapili kutusahihisha bila kutaka jina lake liandikwe. Ukurasa wa kwanza ni milango, wa pili ni sakafu: inua zulia, na muuzaji akikukataza kuinua zulia, ondoka. Tumekwama kwenye ukurasa wa tano, unaohusu mita ya kilomita iliyorudishwa nyuma. Fundi anasema kuna namna ya kuitambua kwa kutazama pedeli ya breki na ngozi ya usukani vilivyolika. Jirani anasema siku hizi wanabadilisha na pedeli.