Tugeuze Picha, Tusiivute

Majuzi, katika matanga hapa Keringet, tulionyeshwa video ya marehemu akiwasimulia wajukuu wake. Picha ilikuwa imelala ubavu. Kijana mmoja akaisimamisha, kisha akaivuta ijaze skrini. Nyanya yule mwembamba akawa mpana kama pipa, na baadhi ya waombolezaji wakacheka. Nilihuzunika.

Kosa halikuwa kugeuza. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 ikizungushwa digrii 90 huwa 1080 kwa 1920, wala umbo haliharibiki. Dosari huzuka inapolazimishwa kujaza skrini pana. Yafaa ipunguzwe kwa uwiano ule ule: kimo 1080, upana takriban 608, na pembeni pabaki peusi. Weusi huo si aibu. Isitoshe, simu nyingi huandika katika faili alama ya kuonyesha upande wa juu. Mara nyingi kusahihisha alama hiyo kwatosha.

Walimu, uwiano mnaoufundisha ubaoni una kazi hapa. Nanyi wanafunzi, rekebisheni nakala, video asilia ihifadhiwe. Marehemu hapigwi picha mara ya pili.