Daftari Kwanza, Hundi Baadaye

Ndugu wananchi, na hasa ninyi mnaokaa katika kamati za makanisa kati ya Lodwar na Kakuma: niliombwa niandike mkataba wa ununuzi wa ndege, nami nimekataa. Baadhi yenu mmeisikia habari hiyo ikisimuliwa kwa namna nyingine, kwamba wakili amegeuka kuwa kikwazo cha kazi ya Mungu. Basi nipeni nafasi nijitetee hadharani, maana jambo lenyewe ni la hadhara. Fedha zinazotajwa ni sadaka zenu.

Makutaniko kadhaa yameungana ili kununua ndege ndogo ya injini moja, yenye viti sita, ya kubebea wagonjwa, dawa na watumishi. Haja hiyo siipingi. Aliyewahi kukaa Lodwar siku ambayo Kawalase na Turkwel imefurika, au Kakuma siku ambayo Tarach imeshuka na magogo na mizoga ya mbuzi, hahitaji kuelezwa kwa nini mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi hulilia ndege. Kati ya miji hii miwili ni kilomita zipatazo 120, nayo lami ya miaka ya karibuni imepunguza adha, lakini mgonjwa wa kijiji cha ndani bado hubebwa kwa machela hadi barabarani. Ndege tunaihitaji. Ninachopinga ni namna tunavyotaka kuinunua.

Wakala alikuja kutoka Nairobi akiwa na picha nzuri. Ndege imepakwa rangi nyeupe, mstari wa buluu ubavuni, viti vimeshonwa upya kwa ngozi. Akataja bei, kisha akaipunguza palepale mbele ya wazee, akasema anafanya hivyo kwa kuwa na yeye ni mtu wa kanisa. Akataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi, kwani yuko mnunuzi mwingine anayesubiri. (Mnunuzi huyo mwingine nimemsikia katika kila kesi ya ardhi niliyopata kuisimamia, sijawahi kumwona mahakamani.) Nilipoomba kuyaona madaftari ya ndege, akajibu kwamba daftari la injini lilipotea ndege ilipokuwa ikifanya kazi nchi jirani, lakini fundi mmoja amefungua jipya na kila kitu kiko sawa. Mwenyekiti akanigusa mkono chini ya meza. Baadaye akaniambia: "Wakili, usimwudhi mtu aliyetupunguzia bei."

Neno hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Ndege ina vitabu vitatu: kimoja cha mwili wake, kimoja cha injini, kimoja cha pangaboi. Humo huandikwa saa zote ilizoruka, kila ukaguzi, kila kifaa kilichotolewa na kilichowekwa, pamoja na sahihi na namba ya leseni ya fundi aliyeifanya kazi hiyo. Ndege bila vitabu hivyo ni kama mtu aliyefika mbele ya hakimu akidai urithi bila jina la baba. Daftari jipya lililofunguliwa jana lina kurasa safi, na usafi huo ndio unaonitia hofu. Injini nyingi za ndege za namna hii watengenezaji hushauri zifunguliwe na kufanyiwa matengenezo makubwa baada ya saa elfu moja na mia kadhaa hadi elfu mbili hivi, au baada ya miaka kadhaa hata kama haikuruka sana, maana injini iliyokaa bila kuwashwa huliwa na kutu ndani kwa ndani. Daftari likipotea, nani atasema imekwenda saa ngapi? Saa iliyo kwenye dashibodi hubadilishwa kwa bisibisi.

Tena liko jambo la panga kugusa ardhi. Ndege inayotua kwenye kiwanja cha changarawe, gurudumu la mbele likazama, panga likapiga chini huku injini inazunguka, imepata pigo lililopita hadi kwenye mhimili wa injini. Watengenezaji wanaagiza injini hiyo ifunguliwe yote na kuchunguzwa. Mmiliki asiye na fedha hununua panga jingine, anapaka rangi, anaendelea. Ufa mdogo unabaki ndani ukisubiri siku yake. Siku hiyo huwa ni siku ya joto kali, mzigo umejaa, kiwanja ni kifupi. Nani kati yenu hajui joto la Lodwar? Mji uko mita mia tano tu na kidogo juu ya bahari, lakini hewa ya moto ni nyepesi: bawa hushika kidogo, injini huvuta kwa shida, na ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Huku kwetu injini hailegezewi hata siku moja.

Kumbukeni pia kazi iliyofanywa na ndege katika eneo hili. Tangu 1989, misaada ya kusini mwa Sudan ilipoanza kupitia Lokichoggio, na baada ya kambi ya Kakuma kufunguliwa mwaka 1992, anga ya Turkana ilijaa ndege kubwa kwa ndogo, zikitua kwenye viwanja vya udongo. Ziliokoa watu wengi, nami siziandikii kwa dharau. Lakini chuma hukumbuka. Ndege ya kazi ya namna hiyo haifai kuhukumiwa kwa rangi yake. Ipo ya zamani iliyotunzwa vizuri ambayo ningempandisha mama yangu bila wasiwasi, na ipo ya juzi ambayo singempandisha mbuzi wangu. Tofauti iko katika maandishi.

"Lakini ina cheti cha serikali!" Hoja hii nimeisikia mara tatu. Cheti cha ubora wa kuruka kinatuambia kwamba siku fulani ndege ilitimiza masharti, na kwamba kitaendelea kuwa halali iwapo matengenezo yanafanywa kama yalivyoamriwa. Hakielezi kama iliwahi kuanguka. Herufi ubavuni nazo hazielezi: 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, na ndege hubadili herufi hizo kama mtu anavyobadili shati. Kisichobadilika ni namba ya kiwandani iliyogongwa kwenye kibati cha mwili wake. Ndege huweza kuanguka katika nchi moja, bima ikalipa, mabaki yakauzwa kwa bei ya chuma chakavu, bawa la moja likaunganishwa na mkia wa nyingine, kisha ikazaliwa mara ya pili katika nchi nyingine kwa herufi mpya. Ndiyo maana nilimwomba wakala picha ya kibati. Hajanipa hadi leo.

Sasa sikilizeni jambo linaloniumiza zaidi. Kama ndege hiyo iliwahi kusajiliwa Marekani, faili lake la usajili linatunzwa mji wa Oklahoma City, na mtu yeyote, hata mzee wa Kakuma mwenye simu na kadi ya benki, anaweza kuagiza nakala: wamiliki wote waliotangulia, madeni yaliyosajiliwa juu yake, na fomu za matengenezo makubwa. Taarifa za ajali za huko ziko wazi kwa umma tangu zile za mwaka 1962. Hawakuulizi wewe ni nani, wala unataka kwa nini. Mgeni wa mbali anafunguliwa kabati, na sisi wenyewe tunaona haya kumfungulisha mkoba mtu aliyekaa mezani petu akinywa chai yetu.

Na hapa nyumbani hatuna udhuru. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine zinapohitajika ili kulinda haki. Sheria ya mwaka 2016 imeweka utaratibu: unaandika ombi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21, habari ikihusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina rejista ya ndege. Idara ya uchunguzi wa ajali ina kumbukumbu zake. Nani kati yetu ameandika barua? Tumezoea kulalamika kwamba tumefichwa, ilhali hatujabisha hodi.

Wazee wamenijibu kwamba tukidanganywa tutakwenda mahakamani. Mimi ndiye mtu wa mahakama, nami nasema msitegemee hilo. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamlinda mnunuzi kiasi, lakini mnunuzi aliyekagua mali hasikizwi anapolalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Mkienda kuitazama, mkapiga picha na wachungaji mbele ya panga, mkarudi bila kufungua daftari, mmemkabidhi wakili wa upande wa pili hoja yake. Na muuzaji akiwa hana miliki kamili, kwa mfano ndege ina deni la benki, hawezi kuwapa asichokuwa nacho. Mkidhani mtamshtaki mtengenezaji Marekani, fahamuni kwamba sheria yao ya 1994 imefunga mlango, isipokuwa kwa sababu chache, ndege ndogo ikishapita miaka 18. Cessna ilisimamisha kuunda ndege zake za injini za pistoni mwaka 1986 na kuanza tena katika miaka ya tisini. Kwa hiyo nyingi mnazoziona viwanja vya mashambani zina umri mkubwa kuliko makatekista wenu. Mkosaji hatapatikana. Kaburi litapatikana.

Hata karatasi yenyewe inataka kuulizwa. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kampuni moja ya London ilikuwa imeuza vipuri vya injini za ndege kubwa kwa vyeti vya kughushi, na mashirika tajiri yenye mafundi kwa mamia yalikuwa yamevinunua. Kama wao walidanganywa, kamati yenye mwalimu mmoja, wachungaji wawili na mfanyabiashara wa samaki itajiokoa kwa imani pekee? Fundi asiyejuana na muuzaji, tuliyemlipa sisi, aifungue hiyo injini atazame ndani ya silinda, apime mafuta kama yana vumbi la chuma, akague reli za viti. Msicheke kuhusu viti: katika Cessna, reli iliyolika humfanya rubani ateleze nyuma wakati ndege inainuka, mikono imeshika usukani. Watu wamekufa kwa tundu lililopanuka kwenye kipande cha bati.

Nakumbuka wazee wetu walivyosimulia uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Mtu mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi, na aliyeshindwa kwa dhuluma hakuwa na karatasi ya kumpelekea jaji, kwa kuwa foleni ikishatawanyika haihesabiwi tena. Mfumo usioacha maandishi haukubuniwa na mjinga. Na wale waliodai masanduku na karatasi waliitwa wakorofi, wasio na adabu kwa wakubwa. Naisikia sauti ileile katika ukumbi wa kanisa, ikisema kwa upole: usimwudhi.

Mfugaji wa Kiturkana hamnunui ngamia gizani. Hutazama chapa, hutazama alama ya sikio, huuliza ametoka zizi gani na mama yake alikuwa na maziwa kiasi gani, na muuzaji haoni ametukanwa. Asipoulizwa ndipo anapomshangaa mnunuzi. Na mkimbizi wa Kakuma, ndugu yetu tunayesali naye, kwa miaka mingi amedaiwa karatasi kila anapotaka kutoka kambini: kadi, kibali, muhuri. Mama mwenye mtoto mgonjwa anaombwa karatasi kizuizini. Chuma kitakachombeba mtoto huyohuyo angani kisiombwe?

Wapo wanaosema kwamba kushuku ni kukosa imani. Tomaso aliomba kuyagusa majeraha kabla ya kuamini, akaonyeshwa. Sioni mahali alipofukuzwa katika mkutano. Na yule mjenzi wa mnara aliyeketi kwanza kuhesabu gharama hakuitwa mwoga.

Msimamo wangu, basi, nimeuweka kwa maandishi kwa kamati. Sitaandika mkataba kabla ya kuletewa madaftari matatu, picha ya kibati, nakala ya rejista inayoonyesha mmiliki na madeni, na ripoti ya fundi wetu. Malipo ya awali, kama yatakuwapo, yakae kwa wakili wa tatu na yarudishwe yote fundi akikataa ndege. Daftari la injini likiwa limepotea kweli, injini ihesabiwe kuwa haina saa hata moja iliyobaki, na bei ipunguzwe kwa gharama ya kuitengeneza upya. Wakala amepewa hadi Ijumaa. Kikao ni Jumapili baada ya ibada, Lodwar, na ombi langu ni kwamba milango iachwe wazi ili kila aliyetoa sadaka aingie. Hundi iko Kakuma kwa mweka hazina, mama mmoja muuza nafaka, ambaye aliposikia habari ya daftari lililopotea aliifungia sandukuni na kuniambia kwamba yeye hata gunia la mahindi hulitoboa kwanza.