Aliyeanguka na baiskeli asichekwe
Mtu akianguka na baiskeli mbele ya watu huinuka haraka, akakung'uta vumbi na kusema hajaumia, maana ameshaona kicheko kinakuja. Anaficha kiwiko kilichochubuka, anapanda tena huku usukani umepinda na breki inasugua rimu. Hiyo haraka ya kuficha maumivu ndiyo inayonitia hofu, na si kwa mwendeshaji tu. Tangu bodaboda zilipokuwa baiskeli pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ajali moja haijabadilika: abiria amekaa upande kwenye keria, ncha ya khanga inaingia kwenye spoki, inajiviringa kwenye ekseli, gurudumu linakwama ghafla, mama wa watu yuko chini na nguo imebaki kwenye tairi. Kisigino cha mtoto nacho huingia palepale. Sioni cha kuchekesha hapo. Msitirini kwanza, khanga ya kuazima haikosekani. Kisha mtazameni kichwa. Akisikia kizunguzungu au kutapika apelekwe hospitali, hata akikataa kwa haya. Na enyi mafundi, mbona hamfungi wavu wa waya pembeni mwa gurudumu la nyuma? Waya mnao, koleo mnazo.