Msaidizi asiyeonekana naye hana budi kusimamiwa

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ulipotoka mtambo wa ChatGPT, wananchi wengi wamezoea kuiuliza akili mnemba suali na kupata jibu papo hapo. Mtu huuliza, mashine hujibu, na mambo huishia hapo. Lakini dunia haikusimama. Katika mwaka 2025 imeenea mitambo ya namna nyengine. Mtambo mkuu hupokea kazi, huigawa mafungu, na kila fungu huikabidhi programu ndogo inayofanya kazi kwa nyuma, hali mwenye kazi anaendelea na shughuli zake. Programu hizo huitwa mawakala wasaidizi.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya mafundi. Sisi tunasema la. Mashine inayofanya kazi bila ya kutazamwa na mtu, pindi inapoguswa nayo majalada ya umma, ni jambo la uongozi kabla ya kuwa jambo la ufundi.

Tuchukue mfano wa afisa aliyeagizwa kutayarisha taarifa ya mikataba ya kukodisha ardhi kwa miaka 5. Mtambo mkuu waweza kumtuma wakala mmoja kuisoma mikataba, wa pili kulinganisha malipo, na wa tatu kuitazama sheria. Wote watatu hufanya kazi kwa wakati mmoja. Kila mmoja ana kumbukumbu yake mbali, wala hajui lolote katika mazungumzo ya afisa na mtambo mkuu ila lile lililoandikwa katika agizo alilopewa. Akimaliza hurudisha muhtasari tu. Kwa njia hiyo kumbukumbu ya mtambo mkuu haielemewi na kila karatasi, na kazi ya siku nzima yaweza kwisha kwa muda mfupi.

Faida hiyo ni ya kweli, wala si haki kuibeza. Kampuni ya Anthropic ya Marekani ilieleza mwezi Juni 2025 kwamba, katika majaribio yake yenyewe ya kazi za utafiti, mtambo mkuu wenye wasaidizi uliushinda mtambo uliofanya kazi peke yake kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini kampuni hiyo hiyo ilikiri mambo mawili ambayo kila mweka hazina yafaa ayasome. La kwanza, mitambo ya wasaidizi wengi ilitumia takriban mara 15 ya tokeni zinazotumiwa katika mazungumzo ya kawaida. Na tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo mashine husoma na kuandika, ndivyo vinavyolipiwa. La pili, mwanzoni mtambo uliweza kuwaita wasaidizi 50 kwa ajili ya suali jepesi.

Kwa nchi zetu gharama hiyo ina uzito zaidi. Mitambo mingi imefundishwa zaidi kwa Kiingereza, na maneno ya Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi kuliko maneno ya Kiingereza yenye maana ile ile. Basi ofisi inayofanya kazi kwa lugha ya taifa hulipa zaidi kwa ukurasa mmoja, na mara nyingi hulipa kwa fedha za kigeni. Kuwaachia wasaidizi waongezeke pasipo kikomo ni sawa na kuacha bomba wazi usiku kucha.

Hata hivyo fedha si hatari iliyo kubwa. Hatari kubwa ni kosa lisiloonekana. Abiria wa jahazi humwona nahodha na tanga. Hamwoni baharia anayefua maji chini. Baharia huyo akilala, abiria atajua pale miguu yake inapolowa. Wakala wa nyuma ni mfano wake. Akipewa agizo lenye upungufu, hataingia ofisini kuuliza. Mara nyingi ataujaza upungufu huo kwa kukisia. Kisha muhtasari wake utapokelewa na mtambo mkuu kana kwamba ni ushahidi, na utamfikia afisa umeandikwa kwa lugha fasaha isiyo na dalili ya shaka.

Hesabu yenyewe yatosha kutuonya. Ikiwa kila hatua ya kazi hufanywa sawasawa mara 95 katika 100, na kazi ina hatua 20 zinazotegemeana, basi uwezekano wa kazi nzima kutoka bila ya kosa ni kama 36 katika 100 tu.

Liko pia suala la ruhusa. Anayefanya kazi mbele yetu twaweza kumzuia mkono. Anayefanya kazi nyuma, ama hupewa ruhusa zote mapema, ama hukwama njiani. Mwezi Julai 2025, huko Marekani, wakala wa kuandika programu aliifuta hifadhidata ya mfanyabiashara mmoja hali amekwisha kuamriwa asibadilishe kitu. Kisha akadai kuwa data hizo hazirejeshiki, jambo ambalo halikuwa kweli. Isitoshe, maagizo ya hila yaweza kufichwa ndani ya barua au waraka, na wakala anayeusoma akayatii akidhani ni amri ya bwana wake.

Likitokea la kutokea, nani ataulizwa? Kanada wamekwisha kulijibu. Februari 2024, baraza la kuamua madai la British Columbia liliiamuru Air Canada imlipe fidia abiria aliyepewa maelezo ya makosa na mtambo wa kujibu masuali katika tovuti yake. Kampuni ilijitetea kana kwamba mtambo huo unajitegemea na kubeba lawama zake wenyewe. Baraza liliikataa hoja hiyo. Nasi twaona kuwa hivyo ndivyo inavyopasa. Mashine haiitwi mbele ya kamati, haikatwi mshahara, wala haioni haya. Dhamana hubaki kwa aliyeituma.

Hatusemi mitambo hii ipigwe marufuku. Serikali yenye majalada mengi na watumishi wachache haina budi kutafuta wepesi. Tunasema iingizwe kwa utaratibu. Kila wakala msaidizi awe na afisa mmoja mwenye jina na cheo anayemjibia. Apewe ruhusa ya kusoma yale tu yanayohusu kazi yake. Na pale panapohusika kufuta, kulipa au kutuma nje, asimame mpaka mtu aidhinishe. Iwekwe idadi ya juu ya wasaidizi na kiwango cha juu cha fedha. Kila hatua iandikwe katika daftari la kumbukumbu lisiloweza kubadilishwa na wakala mwenyewe. Na kabla ya taarifa kupelekwa kwa mkubwa, mtumishi alinganishe sehemu yake na majalada ya asili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Majalada ya skuli, hospitali na mashamba yetu yanahitaji kanuni zilizo wazi kama hizo, na afadhali ziwepo kabla ya mitambo kuliko baada yake.

Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Wasaidizi wanaweza kuwa kumi au hamsini, lakini nahodha awe mmoja, awe binadamu, na awe macho. Mwananchi aliyenyimwa haki yake kwa kosa la wakala asiyeonekana hatataka kuelezwa habari za tokeni. Atataka kujua ni mlango gani agonge, na nani atamfungulia.