Kamusi Elezo Huru na Visingizio vya Wahakiki

Katika idara za fasihi limezoeleka lalamiko moja: kwamba kamusi elezo huru za mtandaoni, zinazoandikwa na yeyote apendaye, zimeua uchapishaji na kumvua mtaalamu joho lake. Ushahidi unaotolewa si haba. Encyclopaedia Britannica, iliyoanza kuchapishwa Edinburgh mwaka wa 1768, ilitangaza mwaka wa 2012 kwamba toleo lake la 2010, lenye majuzuu 32, ndilo la mwisho kutolewa kwa karatasi. Encarta ya Microsoft, iliyozaliwa 1993, ilifungwa 2009. Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001, ingali hai. Mlalamikaji huona marehemu wawili na aliye hai mmoja, akahitimisha kwamba aliye hai ndiye muuaji.

Hitimisho hilo halina mashiko. Mauzo ya majuzuu ya Britannica yalifikia kilele mwaka wa 1990, kisha yakaporomoka mbele ya diski za tarakilishi, miaka kadhaa kabla ya Wikipedia kuzaliwa. Zaidi ya hayo, kilio hiki ni cha kuazima. Kiswahili hakijapata kuwa na kamusi elezo ya kulinganishwa na Britannica. Mhakiki wa Kiswahili anayeomboleza kifo chake analia katika matanga ya jirani huku nyumbani kwake hakuna aliyezaliwa.

Yafaa basi kuichunguza kanuni ambayo mlalamikaji huipuuza. Wikipedia haimruhusu mwandishi wake kutoa utafiti wake mwenyewe wala ushuhuda wake binafsi. Kila dai sharti liegemee chanzo kilichokwisha kuchapishwa. Mwaka wa 2012 Philip Roth alitaka kusahihisha maelezo yaliyodai kwamba riwaya yake, The Human Stain, ilichimbuka katika maisha ya mhakiki Anatole Broyard. Roth alisema kuwa chimbuko lake lilikuwa mkasa uliompata rafiki yake Melvin Tumin, mhadhiri wa Princeton. Akajibiwa kwamba neno la mtunzi peke yake halitoshi, vinahitajika vyanzo vingine. Ilibidi aandike barua ya wazi katika The New Yorker. Ilipochapishwa, neno lile lile likawa chanzo kinachoweza kutajwa. Jukwaa linalosemekana kuua uchapishaji lilikuwa limeutawaza.

Kanuni hiyo ikipimwa kwa fasihi ya Kiswahili, uzito wake hudhihirika. Muyaka bin Haji alifariki mwaka wa 1840. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumsaidia W. E. Taylor kuyahifadhi, diwani iliyohaririwa na William Hichens ilitoka mwaka wa 1940, karne nzima baada ya malenga kuzikwa. Lau kamusi elezo huru ingalikuwapo mwaka wa 1930, Muyaka angalitajwa kwa shida, ilhali mji mzima ulimjua kwa moyo. Mgala muue na haki yake mpe: kanuni inayozuia uzushi ndiyo hiyo hiyo inayoipa karatasi ya mgeni uzito kuliko kinywa cha mwenyeji. Hapa ndipo palipostahili kuelekezwa hasira ya wahakiki, kwa kuwa fasihi simulizi ndiyo inayodhulumiwa.

Hata hivyo, dhuluma hiyo haiondolewi kwa kumkataza mwanafunzi asiitaje Wikipedia katika insha yake. Mwanafunzi huyo akielekezwa vitabuni, atakuta nini? Sehemu kubwa ya uhakiki wa Kiswahili unaofika madukani ni miongozo ya vitabu vya kutahiniwa, iliyotungwa ili mtahiniwa ajibu maswali. Tasnifu zenye rekodi za manju, ngano na nyimbo za unyago hulala katika maktaba za vyuo, zikisomwa na watahini na kusahauliwa. Kisha mtaalamu yule yule aliyeifungia tasnifu yake hushangaa kwamba makala ya mtandaoni kuhusu utanzu wake ina aya mbili zenye makosa. Makala hayo ni kioo cha rafu yake.

Kuna hatari kubwa kuliko makosa. Mwaka wa 2020 ilibainika kwamba maelfu ya makala ya Wikipedia ya Kiskoti yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mingi kabla ya jambo hilo kuzua kelele. Kijana hakumnyang'anya mtu kiti, alikikuta kitupu. Lugha ambayo wataalamu wake wanajitenga na uwanja wa umma huandikiwa na wengine, na kisichokuwa lugha hiyo huanza kusomwa kama ndicho.

Kwa hiyo, suala halisi ni nani atakayeweka msingi ambao kila kamusi elezo, huru au ya kulipiwa, haina budi kuujengea. Idara inayoidhinisha tasnifu ya fasihi simulizi iwajibike kuichapisha, pamoja na matini zilizorekodiwa na, kwa ridhaa yao, majina ya wasanii waliozitoa. Mhadhiri ahesabiwe sifa kwa makala sahihi anayoyaandikia umma kama anavyohesabiwa kwa makala ya jarida. Hadi hayo yatendeke, lawama dhidi ya waandishi wasiojulikana wa mtandaoni zitabaki kuwa visingizio vya wanaojulikana wasioandika.