BEGA LIKIVUNJIKA, JE, LAZIMA KISU?



Swali hili limetufikia kutoka matawi mengi: mfanyi kazi akianguka kutoka behewani akavunjika mkono huku juu, karibu na bega, je, sharti apasuliwe? Si swali dogo. Tumeona jamaa wakiuza ng'ombe na kuitisha harambee ili ndugu yao atiwe chuma. Tena tumeona wengine wakirudishwa kazini mapema, bega likiwa gumu kama gogo.

Mfupa wa mkono una kichwa cha mviringo kinachokaa begani, na hapo ndipo imeshika misuli ya kuinulia mkono. Mara nyingi mfupa huvunjika lakini vipande havihami sana. Huyo hahitaji kisu. Mkono hutundikwa shingoni kwa kitambaa majuma 2 au 3, kisha mazoezi huanza pole pole. Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Charles Neer, alitoa kipimo ambacho madaktari wangali wanakitumia: kipande kikiachana na mwenzake zaidi ya sentimita 1, au kikipinda zaidi ya digrii 45, kimehama. Hapo ndipo husikika habari za bamba la chuma na skurubu, msumari ndani ya mfupa, au bega la bandia.

Lakini hata hapo kisu hakishindi kila mara. Katika Uingereza madaktari waliwachukua wagonjwa 250 waliovunjika hivyo na vipande vimehama, nusu wakapasuliwa, nusu wakatundikwa mkono tu. Habari yake ilitolewa mwaka 2015. Baada ya miaka 2 mabega ya hao na ya hawa yalikuwa sawa. Lakini tuseme kweli yote: wengi wao walikuwa wazee, umri wao kwa wastani miaka 66. Kijana mpakizi aliyeangukiwa na mzigo si sawa na bibi aliyeteleza nyumbani. Kwa hiyo hatusemi kisu kikataliwe. Twasema mwulize daktari: Vipande vimehama kiasi gani? Nisipopasuliwa itakuwaje? Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo.

Walakini kuna mambo yasiyongoja maswali. Mfupa ukitoboa ngozi, au kichwa cha mfupa kikitoka mahali pake, au mkono ukiwa baridi na kupauka, mpelekeni hospitali saa ile ile. Na ngozi ya ubavuni mwa bega ikifa ganzi, mwambieni daktari, maana mshipa wa fahamu unapita karibu hapo.

Sasa neno letu kwa matajiri. Mkono usiopasuliwa hauna kovu, basi msimamizi hudhani haukuvunjika! Mtu amevua kitambaa jana, leo anaambiwa ashike nyundo. Mfupa unaweza kuwa bado haujashikana sawasawa, na nguvu za bega huchukua miezi kurudi. Mazoezi nayo ni dawa kamili. Anayemnyima mtu ruhusa ya kwenda kwenye mazoezi amemnyima matibabu, na bega lisilofanyizwa mazoezi hukauka, liwe limepasuliwa au halikupasuliwa.

Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini haiulizi kama ulipasuliwa. Yaulizwa kama uliumia kazini. Gharama za matibabu zinazofaa ni juu ya tajiri, naye hupewa siku 7 tangu kuarifiwa apeleke habari kwa mkurugenzi wa serikali anayehusika. Madai yapelekwe kabla miezi 12 haijapita. Kwa hiyo umwarifu msimamizi siku ile ile, mbele ya shahidi, hata kama wadhani umeteguka tu. Picha ya eksirei uitunze mwenyewe. Na daktari akiandika kazi nyepesi, nakala ya cheti hicho ifike kwa katibu wa tawi kabla hujaripoti zamu.