Wikiendi ya Brussels, Mchumba Yuko Bariadi

Meseji iliyonikaa kichwani mwezi huu imetoka kwa kaka mmoja wa Maswa. Mchumba wake anasoma Ulaya, na amemwambia kwamba yeye na wenzake wa darasani, wakiwemo wanaume wawili, wanataka kwenda kutembea nchi ya jirani wikiendi moja. Kaka anauliza kwa kifupi: "Dada, nimkataze?"

Kaka yangu, umegonga mlango wenyewe. Mwaka 2019 nilikuwa Den Haag, Uholanzi, nikimalizia masomo ya mawasiliano. Mchumba wangu alikuwa nyumbani Bariadi, karani wa chama cha msingi, akipima pamba za watu. Wazee wa pande zote mbili walishakaa kuzungumza habari ya ng'ombe. Kwa hiyo siongei ya vitabuni.

Tulikuwa wanne: mimi, dada mmoja wa Kampala, Mkenya mmoja na kaka mmoja wa Goma. Pentekoste mwaka ule iliangukia Juni 9, na Jumatatu yake ni sikukuu kule, Uholanzi na Ubelgiji pia. Siku tatu bila darasa! Tukasema twende Brussels. Kwa basi ni mwendo wa saa chache tu, na ukiwa na kibali cha kuishi Uholanzi huombi viza nyingine kuingia Ubelgiji, unabeba kibali na pasipoti yako, basi. (Mwenzako Mtanzania akiwa anasoma Uingereza ni habari nyingine. Huyo lazima aombe viza ya Schengen, kwa hiyo akikwambia "tumeamua jana, kesho tunalala Paris", una haki ya kuuliza maswali.)

Sasa ngoma ikawa kwenye malazi. Kilichokuwa rahisi kuliko vyote ni chumba kimoja cha hosteli chenye dabo deka mbili, wanaume na wanawake humo humo. Vijana wa kule wanaona kawaida kabisa. Mimi nikampigia mwenzangu wiki mbili kabla, hatujalipa hata senti, nikamweleza mji, siku, nani na nani, na chumba. Habari ya chumba nilianza nayo makusudi. Ikija baadaye kupitia picha ya Facebook ya mtu mwingine, uchumba hapo umeingia mchanga.

Akakaa kimya. Halafu akasema "sawa". Mnaijua ile "sawa" ya mwanaume wa Kisukuma ambayo siyo sawa? Ndiyo hiyo. Siku mbili simu haikulia.

Siku ya tatu alipiga, nikajiandaa kwa vita ya wivu. Wala! Alisema chumba kinamsumbua, ndiyo, maana mama yake akisikia atajibu nini. Lakini kilichokuwa kinamuuma zaidi ni kitu kingine. Msimu ule bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, wakulima wameleta mzigo, wanunuzi wamechelewa kulipa, na kila asubuhi watu wanamfuata karani kana kwamba hela kaificha yeye. "Mimi huku nadaiwa na mji mzima," akaniambia, "wewe unakwenda kutalii."

Kaka wa Maswa, hapo nakuomba usome taratibu. Wengi wetu tukisema tuna wivu na wale wanaume wawili, tukijichunguza tutakuta tunaumia kwa sababu mwenzetu anaenda kufurahi na sisi hatumo, tena wakati tunaumwa na shida. Ukikataza safari, maumivu yale yanabaki pale pale, na sasa mko wawili mnaoumia.

Tukaelewana hivi: mimi na dada wa Kampala tukahamia chumba cha wanawake. Kilizidi euro chache, nami nikafidia kwa tumbo. Mama alikuwa amenitumia michembe kutoka nyumbani, nikaijaza kwenye begi la mgongoni. Mkenya alicheka sana barabarani eti nimebeba kuni. Kufika jioni alikuwa anaomba nyingine.

Brussels yenyewe? Grand-Place ni nzuri mno, mtu usibishe. Yule mtoto anayekojoa, Manneken Pis, ambaye dunia nzima inapanga foleni kumpiga picha, ana kama sentimeta 55 tu. Kahawa niliyokunywa kwa heshima ya mji ilikuwa euro 3, nikapiga hesabu kwa pamba: zaidi ya kilo 6! Nikamtumia mwenzangu hesabu hiyo. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu safari itajwe.

Jioni kaka wa Goma akatupeleka Matonge, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Pale kwenye lango la mtaa kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba, uliozinduliwa Juni 30, 2018, tarehe ile ile ambayo Kongo ilipata uhuru mwaka 1960. Tukala kisamvu, ambacho yeye anakiita sombe, na bugali wa mkono. Niliona kama niko kwa shangazi.

Jumapili tukapanda tramu namba 44 hadi Tervuren. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliletewa Wakongo 267 ili Wabelgiji waje kuwatazama kwenye maonyesho. Saba walifia huko huko, na makaburi yao yako kando ya kanisa. Kaka wa Goma akasoma majina kwa sauti: Ekia, Gemba, Zao. Halafu akanyamaza, akageukia ukuta. Mkenya wetu mwenye maneno mengi naye hakuwa na neno.

Nilisogea pembeni nikampigia mtu wa Bariadi. Sikupiga kutoa ripoti ya nani kalala wapi, nilitaka tu mtu wa kwetu anisikie. Alikuwa mezani na daftari lake la madeni. Akalifunga, akanisikiliza nusu saa nzima, akauliza majina yale yanatamkwaje, akataka kujua wale saba walikufa na nini. Mwisho akasema, "Mpe pole huyo kaka." Yule yule kaka wa chumba cha dabo deka.

Huyo mtu wa daftari sasa ni mume wangu, na makaburi ya Tervuren anawasimulia watu kama vile alikuwepo.

Basi kaka wa Maswa, mwulize mchumba wako analala wapi, kwa shilingi ngapi, na nani. Mweleze na ya kwako yanayokubana huko, hata kama yanakutia aibu. Akishaondoka, Jumapili jioni simu yako iwe na chaji.